Kufuli Kwenye Kitanga cha Kushoto

Alikuwa hakai kitako. Tangu mshipa upasuke kichwani mwake, sasa wiki ya saba, kutwa nzima alikuwa mtu wa kuinuka, kwenda mpaka mlangoni, kurudi, kukaa kwenye ncha ya kiti kama mgeni mwenye haraka, na kuinuka tena. Na kila alipopita mlango wa sebuleni, bega lake la kushoto lilijigonga kwenye mwimo, naye akageuka na kuuliza kwa ukali ni nani aliyeusogeza.

"Mlango huo haujasogea tangu nyumba ijengwe," mkewe alimjibu.

"Basi umevimba."

Watu walimwita Gramu, na jina lilimkaa kuliko lile alilopewa na wazazi. Alikuwa mkaguzi wa vipimo. Kwa miaka thelathini na mmoja alizunguka sokoni na madukani na sanduku la mbao lenye mawe ya mizani ya shaba, akipima mizani za watu, makopo ya lita, na fimbo za wauza vitambaa. Kipimo kikiwa cha kweli, alipiga muhuri wake kwenye kipande cha madini laini ya risasi kilichopachikwa hapo. Kikiwa cha uongo, alikifunga kadi nyekundu yenye maneno manne, "Irekebishwe, kisha ikaguliwe tena", na mwenye duka alipewa siku ishirini na moja. Hakuhongeka wala hakuwa na cha ndugu. Aliwahi kuifungia kadi nyekundu mizani ya shemeji yake wiki moja kabla ya harusi yake mwenyewe, na bado akaozwa. Hilo la kuozwa ndilo lililowashangaza watu.

Damu ilivuja ubongoni asubuhi moja akiwa dukani kwa muuza mafuta, ameinama akilinganisha kopo. Alisikia kama msumari umepigwa ndani ya kichwa, kopo likamponyoka, na habari nyingine zote alisimuliwa baadaye. Madaktari walisema damu ilimwagika upande wa kulia wa ubongo, na kwamba ana bahati. Ulimi haukupinda. Siku ya kumi alikuwa anatembea na kuwatania wauguzi. Kila aliyekuja kumjulia hali aliondoka akisema mzee amepona, na wa kwanza kusema hivyo alikuwa mwenyewe.

Aliyekataa kusema hivyo alikuwa mwanamke mmoja kijana, mdogo kuliko hata binti yake, mwenye chumba mwisho wa ukumbi wa hospitali. Kazi yake ilikuwa kupima kile ambacho damu imekichukua na kile ilichokiacha: kumbukumbu, hesabu, umakini. Nyumbani walimwita daktari wa maswali. Siku ya kwanza alimpa Gramu maneno matano ya kukumbuka, kamba, kioo, maziwa, daraja, bluu, kisha akampa karatasi yenye duara na kumwambia aichore iwe saa.

Gramu alichora haraka haraka, akaisukuma karatasi. Namba zote kumi na mbili zilikuwa zimebanana upande wa kulia wa duara kama watu waliokimbilia kivuli kimoja. Upande wa kushoto ulikuwa mtupu.

"Unaionaje, mzee?"

"Saa nzuri tu. Ningekuwa fundi ningeiuza."

Akampa karatasi nyingine yenye nyota ndogo ndogo na kumwomba azikate zote kwa kalamu. Alikata kumi, zote za kulia, akaweka kalamu chini na kusema tayari. Zilikuwa ishirini na nne. Mkewe, aliyekuwa ameketi nyuma yake pamoja na binti yao, alizihesabu zile zilizobaki: kumi na nne.

"Macho yake ni mazima," daktari wa maswali aliwaeleza wanawake wale wawili pembeni. "Ubongo ndio umeacha kuuliza habari za upande wa kushoto. Na kibaya zaidi, hajui kama umeacha. Kaeni kushoto kwake. Mwongelesheni mkiwa kushoto. Msimpe kila kitu mkononi, mwacheni atafute. Baada ya wiki sita nitampima tena."

Wiki hizo sita ndizo zilizomtia Gramu moto miguuni. Ofisi ilikuwa imeandika barua fupi na kavu: akileta karatasi ya daktari wa maswali inayosema anaweza kazi, arudi kazini, asipoileta, sanduku na muhuri apewe mtu mwingine. Aliikunja barua ile akaitia mfukoni pamoja na jiwe dogo la gramu hamsini, na popote alipokwenda ulisikia anavyolizungusha kwa vidole. Kufa hakukumtisha kama kulivyomtisha kuona muhuri wake ukipigwa na mkono mwingine.

Mkewe alishika maagizo. Alihamishia kiti chake kushoto kwa mumewe na kukaa hapo kutwa. Matokeo yake ni kwamba Gramu alianza kulalamika kwa majirani kuwa siku hizi mama watoto hakai naye. Kwenye sahani alikula nusu, mpaka kwenye mstari ulionyooka kana kwamba umepigwa rula, kisha akanung'unika kuwa chakula cha nyumba hii kimekuwa cha kuonja. Mkewe akanyoosha mkono, akaizungusha sahani.

"Ahaa," Gramu akasema, "sasa umeongeza."

Mama wa watu alicheka. Halafu alikwenda jikoni, akafungua bomba la maji ili asisikike, akalia.

Binti yao alikuwa mwalimu wa darasa la tatu, na walimu wa darasa la tatu hawaamini kwamba kuna mtihani usiofundishika. Siku ile ya kwanza alikuwa amekaa kimya chumbani, lakini macho hayakukaa kimya. Alirudi nyumbani na mtihani wote kichwani, akauchora upya kwenye daftari, nyota kwa nyota. Kila jioni baada ya shule aliketi na baba yake mezani.

"Namba ya kwanza unaandika wapi, baba?"

"Kumi na mbili, juu. Kisha sita, chini. Kisha tatu. Kisha, kisha tisa."

"Tisa iko wapi?"

"Ng'ambo ya tatu."

"Vizuri sana. Na nyota?"

"Ishirini na nne. Kila mstari una nne. Nikipata mbili nisisimame, nitambae na kidole mpaka ukingo wa karatasi."

"Na maneno?"

"Kamba, kioo, maziwa, daraja, bluu. Hayo hata nikizikwa nitayasema."

Mkewe alikuwa akichambua mboga. Alivumilia siku ya kwanza, ya pili, wiki. Mwisho aliweka kisu chini.

"Hivi mnamfundisha kupona, au mnamfundisha karatasi?"

"Mama, akinyang'anywa ule muhuri atakufa. Ndicho unachotaka?"

Mama alikirudia kisu na mboga zake. Na Gramu, mtu ambaye angeweza kunusa mizani ya uongo kutoka ng'ambo ya barabara, alijitia hamnazo. Alijiambia kwamba hata dereva hujifunza alama za barabarani kabla hajatahiniwa, na kwamba mazoezi ni mazoezi. Aliinuka, akaenda mlangoni, akajigonga bega.

Siku ya mtihani ilikuwa Alhamisi. Daktari wa maswali alitumia karatasi zile zile, ili alinganishe na za kwanza. Gramu alichora saa ambayo ingeweza kutundikwa ukutani. Alikata nyota huku midomo ikihesabu bila sauti, na hakuweka kalamu chini mpaka ya ishirini na nne. Maneno matano aliyamwaga kabla hajaulizwa.

"Mmefanya mazoezi nyumbani?" daktari aliuliza, akiwa ameshangaa na kufurahi kwa pamoja.

"Sana," Gramu akasema, na hakusema uongo.

Alipewa karatasi inayosema aanze kazi taratibu. Binti alimkumbatia baba yake pale pale ukumbini. Mama alisema alhamdulillahi kwa sauti ndogo, huku akimtazama mumewe akiligonga bega lake kwenye mlango wa kutokea.

Ungedhani sasa angetulia. Wapi! Ijumaa alichukua sanduku lake ofisini, na Jumamosi na Jumapili alishinda akiyafuta mawe moja moja, akiyapanga, akiyapangua, akiyapanga tena. Moyo ulimwenda mbio bila sababu anayoijua. Chakula hakikupita. Mara mbili mkewe alimuuliza ana nini, na mara mbili alimkemea.

Jumatatu asubuhi alivaa shati la kazi. Mkewe akasema anamsindikiza.

"Mkaguzi hasindikizwi na mkewe, Mama Mwalimu. Watu watanicheka."

Mkewe hakubishana. Alichukua mkoba wake, akatoka naye, akatembea kushoto kwake hatua kwa hatua, na Gramu akaamini yuko peke yake. Kwenye makutano ya barabara pikipiki ilikuja kwa kasi kutoka kushoto. Mama aliinua mkono, dereva akakanyaga breki mpaka tairi likalia. Gramu alivuka bila wasiwasi, akashangaa jinsi waendesha pikipiki wa siku hizi walivyopata adabu.

Duka la kwanza lilikuwa la muuza nafaka aitwaye Kidole. Kila mwaka lilikuwa la kwanza, na lina kisa chake. Alipokuwa kijana muuza nafaka huyo alikuwa na mazoea ya kupumzisha kidole kwenye kitanga cha mizani wakati wa kupima. Gramu alimkamata mwaka wa kwanza, akamfungia kadi nyekundu, na mtaa ukampa jina. Kidole alijirekebisha kabisa, jina likakataa kumtoka. Basi kila ukaguzi, kwa miaka kumi na tisa, alilipiza kwa utani: aliacha kitu kidogo makusudi kwenye kitanga kimoja cha mizani yake, kifungo, ufunguo, mara moja jino la bandia la baba yake. Gramu, kabla hata hajafungua sanduku, alikiokota, akakiweka mezani na kusema, "Chukua mzigo wako." Hapo ndipo salamu zilipoanza.

Safari hii Kidole aliweka kufuli dogo la sanduku la nguo. Alikuwa amelisugua mpaka likang'aa. Alikuwa na hamu na mzee huyu, na hakuona haya kusema hivyo.

"Shikamoo, mzee! Tulidhani umetukimbia."

"Marahaba. Nikimbie nikuachie mji? Watu watakula hewa."

Kidole akacheka. Akamwona mama amesimama mlangoni, akataka kumwamkia, lakini mama aliweka kidole mdomoni, naye akaacha. Akasogea nyuma ya meza, akasubiri mzigo wake.

Gramu aliweka sanduku mezani, akaitazama mizani. Ilikuwa ya zamani, ya vitanga viwili vinavyoning'inia. Kitanga cha kulia kilikuwa kimeinuka juu, na mshale umelala.

"Imelala," akasema.

"Eti imelala?" Kidole akasema, tabasamu likiwa tayari.

"Kitanga hiki cha nafaka kimekuwa chepesi. Lete kiti."

Akakaa. Chini ya kitanga cha kulia kulikuwa na kijaluba cha kusawazishia. Akakifungua kwa bisibisi, akatoa sandukuni kichupa cha punje za risasi, akaanza kuzitia moja moja, huku jicho liko kwenye mshale. Vidole vilikuwa vile vile vya zamani, vyepesi na vya hakika. Kila alipotia punje, tabasamu la Kidole lilipungua. Punje ya kumi na moja ilipoingia, mshale ulisimama wima.

"Sasa imekaa. Mwaka huu hukumpunja mtu, ulikuwa unajipunja mwenyewe." Akachukua muhuri, akachukua nyundo ndogo.

Kidole alifunika kile kipande cha risasi kwa kiganja.

"Mzee, ngoja kidogo."

"Toa mkono. Kidole kimoja kilinisumbua, leo umeleta vyote vitano?"

Kidole hakucheka. Aliingiza mkono wa pili kwenye kitanga cha kushoto, akalitoa lile kufuli. Kitanga cha kulia kikaanguka juu ya meza, ko! Mshale ukakimbia ukalala upande.

Kufuli liliwekwa mbele ya Gramu, kulia, mahali anapoona. Alilitazama muda mrefu.

"Lilikuwa wapi hilo?"

"Kwenye kitanga, mzee. Kama kila mwaka."

Aliona aibu, na chini ya aibu aliona hofu ambayo hata siku ya msumari hakuiona. Mizani ilikuwa ya kweli. Yeye ndiye aliyeiharibu, punje kwa punje, na nyundo ilikuwa juu. Kila mteja wa duka hili angeibiwa katika kila kipimo kwa mwaka mzima, naye angeibiwa kwa muhuri, asijue wa kumlaumu. Katika miaka thelathini na mmoja hakuna aliyewahi kumfanyia mji ule jambo baya kama hilo, hata Kidole wa ujanani.

"Mzee," Kidole alinong'ona, "mimi sikuona kitu. Nitafunga duka nizunguke na wewe. Nitakaa upande ule. Ukipitwa na kitu nakohoa. Nani atajua?"

Lilikuwa neno la upendo, na Gramu alijua ni la upendo, na ndiyo maana lilimchoma. Kulikuwa na wenye maduka ambao siku ya ukaguzi huazima mizani nzuri kwa jirani, wakaipanga mbele, na mkaguzi akishaondoka wakairudisha na kutoa ile yao. Yeye aliiita mizani ya mgeni. Mtu mwenye mizani mbovu alimwonea huruma, huenda hakujua. Mwenye mizani ya mgeni hakumsamehe hata mmoja. Akakumbuka daftari la binti yake, nyota ishirini na nne, kamba, kioo, maziwa.

"Unaniazima mizani," akasema polepole. "Ahsante, mwanangu. Nilishaazima moja Alhamisi."

Alifungua kijaluba, akazitoa punje zote kumi na moja, akizihesabu kwa sauti ili Kidole asikie. Mshale ukasimama. Hakupiga muhuri. Akafunga sanduku, akachukua kadi moja nyekundu, akaitia mfukoni, akatoka kwa mwendo wa haraka kuelekea hospitali, akijigonga kwenye gunia la maharage lililokuwa pembeni mwa mlango. Mkewe alimfuata, akajipanga upande wake.

Daktari wa maswali alikuwa na mgonjwa. Gramu aliambiwa akae kwenye benchi asubiri. Alikaa, akainuka, akakaa. Alipoitwa aliingia na sanduku lake na kusema kabla ya salamu.

"Nimekuja kurudisha karatasi yako. Nilifundishwa mtihani. Nilikuwa najua nyota ni ngapi kabla sijaingia."

Daktari aliketi. Hakukasirika kwa sauti. Alijikasirikia mwenyewe, ilionekana usoni. "Na mimi nilipaswa kutumia karatasi nyingine," akasema. Akafungua mtoto wa meza wa chini kabisa, akatoa karatasi mpya. Safari hii zilikuwa kengele badala ya nyota, zimetawanyika ovyo bila mistari. "Kata zote, mzee. Sikwambii ni ngapi."

Alikata taratibu kuliko alivyowahi kufanya kitu chochote. Alipitia karatasi mara mbili, mara tatu. Jasho lilimtoka. Daktari aliposikia kalamu imetulia akauliza:

"Umemaliza?"

Gramu alilizungusha lile jiwe la gramu hamsini mfukoni. "Mimi naona nimemaliza," akasema. "Kwa hiyo igeuze karatasi, unionyeshe nilizoacha."

Daktari aliigeuza juu chini. Kengele kumi na sita zikaja upande wa kulia, safi, hazijaguswa, nyingi kama mashtaka. Alizihesabu moja moja kwa ncha ya kidole mpaka kumi na sita. Akatoa ile kadi nyekundu, akaiweka juu ya karatasi.

"Jaza hiyo. Ndiyo tunayotumia kwetu. Muhuri nitaurudisha ofisini leo leo."

Daktari aliisoma. "Hii inampa mtu siku ishirini na moja, mzee. Mimi sina siku za kukuahidi. Inaweza kuchukua mwaka. Inaweza isirudi yote. Lakini leo ndiyo mara ya kwanza umeniomba nikuonyeshe usichokiona, na bila hilo hakuna mazoezi yanayosaidia."

Aliandika tarehe kwenye kadi. Gramu alikaa, na safari hii alikaa kitako, mgongo umegusa kiti. Alikuwa amechoka mno, na alitaka mtu wake.

"Mpelekeeni habari mke wangu nyumbani," akasema. "Mwambieni aje anichukue."

"Mtafute mwenyewe," daktari akasema kwa upole. "Geuza shingo. Endelea. Endelea, mzee, usisimame hapo, bado."

Aliigeuza shingo kama mtu anayesukuma mlango uliovimba. Akaona ukingo wa dirisha. Akaona ukuta ambao hakujua upo. Akaona mkoba mweusi juu ya magoti, na mikono miwili imeushika, na juu yake uso wa mkewe, umelowa machozi.

"Mama Mwalimu! Umefika saa ngapi?"

"Tulitoka wote nyumbani," mkewe akasema.